Bega limerudi, lakini mkono haunyanyuki: Jihadhari na kano zilizochanika



Ndugu msomaji, katika safu yetu ya juma hili tunazungumzia bega. Huenda ukajiuliza, bega nalo lina habari gani hata lijaze safu nzima? Sababu ni mzee mmoja, muadhini wa msikiti usio mbali na kituo ninachofanyia kazi. Kisa chake sijakisahau mpaka leo, na sehemu ya kosa lililomo ndani yake ni langu mwenyewe.

Mzee huyu, aliyekuwa amevuka miaka 60, alianguka kutoka kwenye bodaboda akitokea sokoni. Alitanguliza mkono wa kulia ili kujikinga, na bega likachomoka. Aliletwa kwetu akiwa ameukumbatia mkono ule kwa mkono wa pili, jasho likimtiririka. Tulimpa dawa ya maumivu, tukalirudisha bega mahali pake. Picha ya eksirei ikaonesha kuwa mfupa umekaa sawasawa na haukuvunjika. Tulifurahi sana. Tukauning'iniza mkono kwa kitambaa shingoni, tukampa vidonge na kumwambia arudi baada ya majuma matatu.

Aliporudi, maumivu yalikuwa yamepungua, lakini mkono haukunyanyuka. Nikamwambia, "Mkono umezubaa kwa kufungwa, mzee wangu. Fanya mazoezi kidogo kidogo, utanyanyuka in sha Allah." Akashukuru, akaenda zake.

Miezi minne baadaye nilikaa karibu naye msikitini. Ulipofika wakati wa adhana nikaona anaushika mkono wa kulia kwa mkono wa kushoto na kuusukuma hadi sikioni, kama mtu anayenyanyua mzigo. Katika takbir, mkono wa kushoto ulifika sikioni na wa kulia ukaishia kiunoni. Hapo ndipo nilipofahamu nilichokosea. Tulimpeleka hospitali ya rufaa, akapigwa kipimo cha MRI, ikabainika kuwa kano mbili za bega zilikatika tangu siku ile ya ajali. Misuli yake ilikuwa imejivuta nyuma na kuanza kusinyaa. Daktari bingwa alisema kwa upole kwamba lau angefika katika wiki za mwanzo, kazi ya kuzishona ingekuwa nyepesi zaidi.

Makala hii naiandika ili kisa kama hicho kisijirudie nyumbani kwako.

BEGA LIMEUMBWAJE?

Hakuna kiungo mwilini chenye uhuru wa kuzunguka kama bega. Lakini uhuru huo una gharama yake. Kwenye nyonga, kichwa cha mfupa wa paja kimezama ndani ya kikombe kirefu, hivyo si rahisi kuchomoka. Begani mambo ni tofauti. Kichwa cha mfupa wa mkono ni kikubwa na kikombe chake ni kidogo, tena kifupi, mfano wa chungwa lililowekwa juu ya kisahani cha kahawa.

Ni nini basi kinacholizuia chungwa hilo lisidondoke? Pembeni mwa kisahani upo ukingo laini wa gegedu, na kuna utando mgumu unaokizunguka kiungo chote. Lakini walinzi wakubwa ni misuli minne inayotoka kwenye kombe la bega. Mmoja unapita juu, miwili ipo nyuma na mmoja upo mbele. Kila msuli unaishia kwenye kano. Kano ni ile sehemu nyeupe, ngumu, ambayo kila mwenye kukata nyama ya mguu wa ng'ombe anaijua, kwani kisu hukwama hapo. Kano hizo nne zinaungana na kukifunika kichwa cha mfupa kama kofia inavyokaa kichwani.

Kazi ya kofia hiyo ni mbili. Kwanza, inakivuta kichwa cha mfupa kikae katikati ya kisahani wakati mkono unaponyanyuka. Pili, inauzungusha mkono ndani na nje. Kano ya juu ndiyo inayochanika mara nyingi zaidi kuliko nyingine. Kano hiyo inapita katika nafasi finyu, chini ya ncha ya mfupa iliyotokeza juu ya bega mfano wa kibaraza.

KANO HUCHANIKA VIPI?

Zipo njia mbili, na msomaji azitofautishe vizuri kwa sababu matibabu yake si mamoja.

Njia ya kwanza ni ya uchakavu. Kano hulika polepole kwa umri na kwa kazi za kunyanyua mikono juu ya kichwa mwaka nenda mwaka rudi. Miongoni mwa wanaofanya kazi hizo ni wapaka rangi, mafundi wa dari, wabeba mizigo na wavuvi wanaovuta nyavu. Wanaovuta sigara na wenye kisukari wamo hatarini zaidi. Baada ya miaka 60 mipasuko ya aina hii ni mingi, na wapo wanaoishi nayo bila ya maumivu yoyote wala kujua kuwa wanayo.

Njia ya pili ni ya ghafla. Mtu anaanguka kutoka kwenye pikipiki, kwenye ngazi au juu ya mkarafuu, au anateleza bafuni na kutanguliza mkono. Mwingine huokoa gunia linalomponyoka, akahisi kitu kimekatika begani. Kano iliyokuwa nzima jana leo imeng'oka kwenye mfupa.

Mpasuko wenyewe unaweza kuwa wa nusu, yaani baadhi ya nyuzi zimekatika na nyingine zimebaki, au ukawa wa kupenya kano yote. Kano iliyong'oka kabisa kwa kawaida hairudi kujishika kwenye mfupa yenyewe. Hata hivyo, misuli iliyobaki inaweza kufundishwa kuibeba kazi yake, nalo ni jambo la kutia moyo tutakalolieleza mbele.

MAJERAHA YANAYOFUATANA NAYO

Hapa ndipo mimi nilipoteleza. Mwenye kuanguka na kuumia bega mara nyingi haumii kitu kimoja. Tunapolikuta jeraha moja lililo dhahiri, tunaridhika na kuacha kutafuta mengine.

La kwanza ni bega kuchomoka. Kwa kijana wa chini ya miaka 25, kinachoharibika zaidi ni ule ukingo wa gegedu, na mara nyingi kichwa cha mfupa nacho hubonyea kinapogonga ukingo wa kisahani. Tatizo lake la baadaye ni bega kuzoea kuchomoka tena na tena, hata kwa kurusha mpira tu. Kwa aliyevuka miaka 40 hali inageuka. Kano zake zimeshachoka, hivyo bega linapochomoka kano ndizo zinazokatika. Kwa hiyo kila mwenye umri huo ambaye bega limerudishwa na bado hawezi kunyanyua mkono wiki moja au mbili baadaye, achukuliwe kuwa kano zimechanika mpaka kipimo kiseme vinginevyo.

La pili ni mshipa wa fahamu. Upo mshipa unaozunguka nyuma ya mfupa chini ya bega, nao huvutika bega linapochomoka. Dalili yake ni ganzi upande wa nje wa mkono, chini kidogo ya bega, na msuli mkubwa wa bega kukosa nguvu. Mara nyingi hupona wenyewe kwa miezi kadhaa. Hatari yake ni kwamba tabibu anaweza kuusingizia mshipa huo kila udhaifu, akaisahau kano. Vyote viwili vinaweza kuumia kwa pamoja, yaani bega kuchomoka, kano kukatika na mshipa kuvutika. Kwa wanaoanguka na pikipiki kwa kasi, mishipa yote inayotoka shingoni kwenda mkononi inaweza kung'oka, na mkono mzima ukalegea.

La tatu ni mfupa. Kipande kidogo ambacho kano zimejishikiza kinaweza kumeguka pamoja na kano zake. Mtulinga nao unaweza kuvunjika au kuachana na kombe la bega.

La nne ni kano ya ule msuli wa mbele ya mkono, ambao vijana huutunisha kuonesha nguvu zao. Kano yake ndefu inapita katikati ya zile kano nne. Ikikatika, msuli hujikusanya karibu na kiwiko na kufanya uvimbe wa mviringo. Huonekana kwa kutisha, lakini kwa wazee wengi hauleti udhaifu mkubwa.

La tano ni nadra lakini ndilo la kukimbiza zaidi, nalo ni mshipa mkubwa wa damu kuumia kwapani. Mkono ukiwa wa baridi, umepauka, au mapigo ya damu kwenye kifundo hayasikiki, usingoje asubuhi.

KUCHANIKA AU KUGANDA?

Dalili za kano iliyochanika ni maumivu upande wa nje wa bega yanayoshuka hadi katikati ya mkono. Huzidi usiku, hasa ukilalia upande huo. Kunyanyua mkono kando kunauma zaidi unapokaribia usawa wa bega, na mkono unakosa nguvu. Akina mama hulalamika kuwa hawawezi kusuka, kuanika nguo wala kufunga kifungo cha mgongoni.

Lipo gonjwa jingine linalofanana nalo, yaani bega kuganda. Hili huwapata zaidi wenye umri wa miaka 40 hadi 60, na hasa wenye kisukari. Namna ya kutofautisha ni nyepesi. Mgonjwa atulie, na mtu mwingine aunyanyue mkono wake taratibu. Ikiwa mgonjwa mwenyewe hawezi kuunyanyua lakini ukisaidiwa unakwenda juu, shuku kano. Ikiwa hata ukisaidiwa haupiti, umegoma kama mlango wenye kutu, shuku kuganda. Lakini mtu asijaribu hivi kwa bega lililoumia leo hii, kwani linaweza kuwa limevunjika au limechomoka.

Aidha, si kila maumivu ya bega yanatoka begani. Maumivu ya bega la kushoto yanayoambatana na kubanwa kifua, jasho na kupumua kwa shida yanaweza kuwa ya moyo. Nyongo nayo huweza kuumiza bega la kulia. Na bega lililovimba likawa la moto, pamoja na homa, linaweza kuwa na usaha ndani. Hizi zote ni safari za hospitali siku hiyo hiyo.

LA KUFANYA MTU ANAPOANGUKA

Muache akae namna anayoona nafuu. Uning'inize mkono kwa mtandio au khanga iliyofungwa shingoni. Weka barafu iliyofungwa kitambaani kwa dakika 15 hadi 20, kisha uiondoe. Muulize kama anahisi ganzi, angalia kama vidole vinachezeka na vina joto, kisha mpeleke kituo cha afya.

Ndugu zangu, tafadhalini tuache kuwavuta watu mabega barabarani, na tusimpeleke kwanza kwa wachuaji. Kulirudisha bega ni elimu ya kale. Tabibu wa Kiislamu wa Andalusia, Abul Qasim al-Zahrawi, aliyefariki mwanzoni mwa karne ya 11, aliandika juu ya mifupa iliyovunjika na viungo vilivyochomoka katika kitabu chake kikubwa cha tiba. Lakini kinachotokea kwenye kano kilichelewa kujulikana. Mwaka 1834 J. G. Smith wa London alieleza kano zilizochanika alizozikuta kwenye mabega ya maiti, na mwaka 1909 daktari Codman wa Boston, Marekani, akaishona kano ya juu. Kwa hiyo mchuaji hodari anaweza kweli kulirudisha bega, lakini hawezi kuona kama mfupa umemeguka au mshipa umebanwa, na kuvuta kwake kunaweza kuongeza madhara.

HOSPITALINI

Eksirei inaonesha mifupa, haioneshi kano. Maneno "picha ni nzuri" maana yake ni kwamba mfupa ni mzima, basi. Kano huonekana kwa altrasaundi yenye mtaalamu anayeijua au kwa MRI, vipimo vinavyopatikana katika hospitali kubwa kama Taasisi ya Mifupa ya Muhimbili (MOI). Lakini kabla ya vipimo hivyo, mikono ya tabibu inaweza kueleza mengi akilipima bega la pande zote mbili.

Kipimo hicho kinahitaji bega kuonekana. Dada zetu wasiache kutibiwa kwa sababu ya stara. Omba mhudumu wa kike pale anapopatikana, njoo na mtu wako wa nyumbani, na uvae nguo inayoweza kufunua bega peke yake. Ni haki yako kuomba hivyo.

Kuhusu dawa, anza na parasetamo kwa kipimo sahihi. Diklofenaki na ibuprofeni zinasaidia kwa siku chache, lakini wenye vidonda vya tumbo, figo, shinikizo la damu, wajawazito na wazee wasizinunue dukani bila ya ushauri. Sindano ya steroidi begani inaweza kutuliza kwa majuma kadhaa, ila haiungi kano. Ikirudiwa mara nyingi huidhoofisha, na humpandishia sukari mwenye kisukari kwa siku kadhaa.

JE, NI LAZIMA UPASUAJI?

Kwa mpasuko wa uchakavu, mara nyingi si lazima. Nchini Marekani, uchunguzi uliochapishwa mwaka 2013 uliwahusisha wagonjwa 452 wenye kano zilizochanika kabisa pasipo ajali. Walianzishiwa mazoezi maalumu, na baada ya miaka miwili takriban robo tatu walikuwa hawajahitaji kisu. Na kwa wenye maumivu ya kano za bega kwa jumla, uchunguzi wa Uingereza wa mwaka 2021 kwa watu 708 ulionesha kuwa waliopewa kikao kimoja cha maelekezo mazuri, wakafanya mazoezi nyumbani, walipata nafuu sawa na waliohudhuria vikao hadi sita. Hii ni habari njema kwa anayeishi mbali na hospitali yenye mtaalamu wa mazoezi ya viungo.

Kwa mpasuko wa ghafla, hasa kwa mtu aliyekuwa akiutumia mkono wake vizuri kabla ya ajali, usikae nyumbani ukingoja. Amuone daktari bingwa wa mifupa ndani ya majuma machache. Miezi ikipita, msuli hujivuta, husinyaa na kujaa mafuta, na hata ukishonwa haurudi na nguvu zake. Baada ya kushonwa, mkono hufungwa kwa majuma manne hadi sita, na kazi nzito husubiri miezi sita au zaidi. Familia ijipange kwa hilo mapema.

MAZOEZI YA NYUMBANI

Haya ni kwa ambaye ameshapimwa na kuruhusiwa. La kwanza, inama ukiegemea meza kwa mkono mzima, uache unaouma uning'inie, kisha uubembeze taratibu kama pendulo ya saa. La pili, simama ukiukabili ukuta, upandishe vidole ukutani kama buibui hadi pale unapoweza. La tatu, maumivu yakishapungua, funga ukanda wa mpira wa tyubu ya baiskeli kwenye nondo ya dirisha. Bana kiwiko ubavuni na uvute mpira ndani, kisha geuka uuvute nje. Maumivu kidogo yanayokwisha kabla ya kesho yake si tatizo, lakini yanayokukesha usiku maana yake umezidisha. Subira inahitajika, kwani matunda huonekana baada ya takriban majuma 12.

USAFI NA IBADA

Mkono unaoning'inizwa hufungia jasho kwapani, na ngozi huchubuka au kuota fangasi. Kila siku inama mbele, mkono uachane na ubavu wenyewe, uoshe kwapa kwa maji na sabuni na kulikausha vizuri kwa kitambaa safi. Akiruhusu daktari, chezesha vidole, kifundo na kiwiko mara kadhaa kwa siku visikakamae. Katika kuvaa, anza kuingiza mkono unaouma, na katika kuvua utoe mwisho.

Kuosha mikono katika udhu kubaki palepale, na hakuna ubaya kusaidiwa na mtu kumimina maji. Kunyanyua mikono katika takbir ni sunna, basi nyanyua kadiri unavyoweza. Mgonjwa huswali kwa uwezo wake, na asiyeweza kuegemea mkono katika sijda au kulalia ubavu wa kulia asijitese. Aliyeumia bega pia asione haya kumwachia mwenziwe zamu ya kubeba jeneza.

Ama muadhini wetu, umri na hali ya kano zake vilimfanya daktari achague mazoezi badala ya kisu. Alifunga ukanda wa mpira kwenye dirisha la chumba chake, na kwa miezi sita hakuacha hata siku moja. Leo mkono unafika usawa wa bega bila ya kusaidiwa, na analala usiku. Sikioni haujafika. Nilipomuomba radhi alinisamehe, akanitaka jambo moja tu, kwamba kila atakayeletwa kwangu baada yake, bega likisharudi nimwambie anyanyue mkono. Tangu siku hiyo sijaacha kumwambia kila mgonjwa. Nawe umwambie mtu wako, na asiponyanyua, usikubali kurudishwa nyumbani kwa vidonge.